Cheti cha Mtu Mmoja

Jambo zima lilinigharimu shilingi elfu sitini na mbili na mia nne. Hiyo ni hesabu ya kwanza. Nilipohesabu tena nilipata mia tano zaidi, kwa kuwa nilikuwa nimemsahau fundi aliyetoboa sakafu ya chumba changu cha kulala na kufunga sefu kwa bolti nne, pamoja na soda mbili alizokunywa akitoboa. Kwa pesa hizo, katika Busia ya miaka ya tisini, ungenunua ng'ombe wanne wa maziwa na ukabaki na pesa ya kamba. Mimi nilinunua kitu cha gramu mia sita na sitini. Uzito huo naujua kwa sababu nilikiweka kwenye mizani yetu ya sukari, kikiwa kitupu, mara mbili.

Kitu chenyewe kilikuwa bastola. Ilikuwa halali, na cheti chake kilikuwa na jina langu. Watu wakisikia kwamba mama wa duka la jumla alimiliki bastola hudhani kuna hadithi ya ushujaa ndani yake. Hakuna. Kuna dada yangu tu.

Duka lilikuwa letu wawili: sukari, sabuni, mafuta ya kupikia, viberiti kwa katoni. Mimi nilikuwa wa nje. Jumanne na Ijumaa nilikwenda Malaba, ambako malori hupanga foleni mpaka madereva wanafua nguo na zinakauka kabla hawajavuka, na huko nilikuwa na wateja wangu wa rejareja. Dada yangu, ambaye nimemzidi miaka minne, alikuwa wa ndani. Wateja walimpenda kuliko walivyonipenda mimi, kwa sababu nzuri: aliwahurumia. Mimi mtu akiniambia mtoto wake mgonjwa, nampa pole na bei ile ile.

Walituibia msimu wa mvua za masika, mimi nikiwa Malaba, saa tisa alasiri, mvua ikipiga mabati hata husikii redio. Waliingia wanaume watatu wamejifunika magunia. Hilo halikuwa jambo la kushtua. Ukichukua gunia ukasukuma kona moja ndani ya nyingine unapata kofia na koti kwa pamoja, na kila mpagazi wa Busia hutembea hivyo mvua ikinyesha. Dada yangu ndiye aliyewaambia, "Ingieni ndani, msiloe." Mmoja alikuwa na kitu chini ya gunia, labda bunduki, labda bomba la maji. Mwingine alimpiga kwa kufuli juu ya sikio la kushoto. Wakachukua mauzo ya siku tatu, kwa kuwa mimi nilikuwa sijaenda benki, wakatoka kabla ya muda wa kupima kilo mbili za sukari kwisha.

Sikio lilipasuka ngoma. Daktari alisema huenda litajiziba lenyewe. Lilijiziba nusu. Upande ule akawa anasikia kama mtu aliye chini ya maji.

Mimi zile pesa niliziomboleza wiki moja. Dada yangu hakuomboleza. Aliacha tu kuupa mlango mgongo. Alipima sukari akiangalia mlango, akahesabu chenji akiangalia mlango, akatoa zaidi, akatoa pungufu. Usiku nilimsikia akigeuka kitandani. Mwezi wa pili aliniambia, akikunja gunia tupu vizuri sana kama anakunja shuka:

"Dada, mimi hapa siwezi hivi. Ama tupate bunduki, ama narudi Butula kulima mihogo."

"Mihogo haikulipi."

"Mihogo hainipigi."

Nilimjua. Hakuwa mtu wa kutishia. Na duka lile bila yeye lingebaki na mizani na mimi.

Sasa, mpakani kila kitu kina bei mbili, ya dirishani na ya uchochoroni. Ijumaa ya wiki ile, nikiwa Malaba, Mganda mmoja niliyezoea kumuuzia sabuni akaniinamia. Sijui alijuaje ninachotafuta. Labda uso wangu ulikuwa unauliza.

"Nyabo, mama yangu, kile kitu unataka, kiko. Bei ya mbuzi tano. Hakuna makaratasi, hakuna maswali."

"Na kikiharibika?"

"Kinaharibika namna gani?"

"Kikikataa. Nakirudisha kwa nani? Risiti iko?"

Alicheka mpaka akashika ukuta. Nilikataa, na ningependa kusema nilikataa kwa kuheshimu sheria. Ukweli ni kwamba sijawahi kununua kitu ambacho siwezi kukirudisha. Na pia niliwaza: kama bei ni mbuzi watano kwangu mimi, basi kwa wale wa magunia ni mbuzi watatu.

Nikaenda polisi. Fomu, picha nne, alama za vidole vyote kumi, barua ya chifu, barua ya benki kuthibitisha kwamba duka ni duka. Afisa aliyenihoji alikuwa mtu mpole mwenye kalamu mbili mfukoni, moja haiandiki.

"Mama, kwa nini unataka silaha?"

"Tuliibiwa, afande."

"Watu wengi wameibiwa. Umewahi kupiga mtu?"

"Na nini?"

"Na chochote."

"Na bei."

Hakucheka. Aliandika kitu.

"Ukikasirika unakuwaje?"

"Naongeza bei."

Akaandika tena. Mpaka leo natamani kujua aliandika nini, kwa sababu kiliandikwa kwa mistari miwili na jibu langu lilikuwa la maneno mawili.

Baadaye alikuja nyumbani kuona mahali silaha itakapokaa. Aliitikisa ile sefu kwa mikono miwili kama mtu anayejaribu jino. Akauliza naishi na nani. Nikamwambia. Akauliza ufunguo utakaa wapi. Nikamwonyesha kamba ninayofunga kiunoni chini ya nguo, yenye ufunguo wa droo ya pesa. "Hapo ni pazuri," akasema, "bora pasiwe mahali pengine."

Tukangoja miezi saba. Miezi hiyo ndipo nilipogundua kwamba kila mtu Busia ana maoni juu ya bunduki za raia, ila hakuna aliyewahi kuniambia kwa sababu sikuwahi kusikiliza. Kwenye kibanda cha chai karibu na duka, habari za wizi zilipotajwa, mwalimu mmoja mstaafu alikuwa na msimamo wake.

"Raia akishika bunduki ndogo, mwizi anatafuta kubwa. Hiyo ni mashindano haina mwisho."

"Kwani sahi anakuja na nini, mwalimu?" akamjibu kijana wa boda boda, aliyekuwa amekalia kiti cha abiria cha baiskeli yake. "Anakuja na Biblia?"

"Serikali iko."

"Iko, lakini iko kilomita ngapi?"

Mama chai alikuwa akigeuza chapati, wala hakuinua kichwa. "Nyinyi mnaongea mambo ya kutisha mwizi. Mwizi akijua duka iko na bastola, hatakuja kuiba sukari. Atakuja kuiba bastola. Na mwenye duka ako hapo katikati."

Kila mmoja wao alikuwa na haki, na hilo ndilo lililonisumbua, kwa sababu mimi nimezoea kwamba mtu mmoja akiwa na bei sahihi mwingine ananidanganya. Nikalipa. Alinitoza chapati tatu nilipokula mbili. Nilizihesabu tena vidoleni, nikarudi, akanirudishia bila kubisha.

Cheti kilipotoka, afisa alinisomea masharti: aina ya silaha, namba yake, idadi ya risasi ninayoruhusiwa kuwa nayo, tarehe ya kukilipia upya. Nikaona jina moja tu.

"Afande, hapo chini kuna nafasi. Ongeza jina la dada yangu."

"Haiongezwi."

"Nitalipa ya mbili."

"Mama, hii si ploti. Cheti ni ya mtu mmoja. Mkono mmoja. Dada yako akishika hiyo kitu bila wewe, yeye amevunja sheria na wewe umevunja sheria."

Ili unielewe, lazima ujue tulivyoishi na makaratasi pale mpakani. Ile pasi ndogo ya kuvukia, ya kwenda ng'ambo kununua ndizi na kurudi, nyumbani kwetu ilikuwa moja. Sisi kwa mama yetu ni wasichana watatu wenye pua moja, na askari wa geti alikuwa akitazama picha, anatazama pua, anasema pita. Kwa miaka sita pasi moja ilivusha dada watatu. Hata leseni ya kibanda sokoni ilikuwa hivyo. Anayeamka mapema ndiye mwenye jina. Kwetu karatasi ya serikali ilikuwa kama jembe la nyumba. Huliulizi la nani, unauliza liko wapi.

Kwa hiyo nilimsikia yule afisa vizuri, nikamwitikia, nikatia sahihi mahali pote palipotakiwa. Masikio yalielewa. Mazoea hayakuelewa.

Bastola niliinunua Nairobi kwa muuzaji mwenye leseni. Nilibishana naye bei dakika arobaini, akaishia kunipa bure kitambaa cha kufutia. Kisha nikarudi Busia na kitu ambacho sikujua kukishika.

Mwalimu wangu alikuwa jirani, mzee wa duka la vifaa vya ujenzi, Muislamu ambaye babu yake alikuja kujenga reli. Alikuwa na cheti chake kwa zaidi ya miaka ishirini na alikuwa na ruhusa ya kulenga shabaha Jumamosi asubuhi kwenye uwanja wa polisi nje ya mji, askari wenyewe wakimaliza. Alikuwa na ugonjwa wa sukari na ubahili usio na tiba. Tulipatana: atanifundisha Jumamosi sita, nami nitampa katoni mbili za sabuni. Alitaka tatu. Nilisema moja na nusu. Alisema bunduki haifundishwi nusu. Tukakaa kwenye mbili.

Jumamosi ya kwanza hakunipa risasi hata moja.

"Leo unajifunza kutopiga," akasema.

"Hiyo najua tayari."

"Hujui. Umeielekeza kwa kiatu changu mara tatu tangu tuanze kuongea."

Nilitazama. Kweli. Nikaigeuza, nikaielekeza kwa kiatu changu.

Alinifundisha kama anavyouza misumari, mmoja mmoja. Bastola ina risasi mpaka uhakikishe haina. Ukishahakikisha, hakikisha tena. Mdomo wake usitazame kitu usichotaka kukiharibu, hata ikiwa tupu, hata ikiwa imevunjwa vipande mezani. Kidole kinakaa nje, kimenyooka, mpaka macho yawe yameamua. Na kabla ya shabaha, jua kilicho nyuma ya shabaha, maana risasi haijui kusimama pale ulipokusudia. Ukitaka kuitoa risasi, kwanza unachomoa kile kikasha cha mpini, halafu unavuta chuma cha juu nyuma na kutazama chemba, tundu ambamo risasi moja hukaa ikingoja. "Watu wanachomoa kikasha, wanadhani wamemaliza," akasema. "Ile moja ya chemba ndiyo inaua watu wa nyumbani."

Kuhakikisha na kuhakikisha tena! Nilijiona nimezaliwa kwa kazi hii. Watu wamenicheka maisha yangu yote kwa kuhesabu mara mbili, na sasa hapa kuna mzee ananiambia huo ndio msingi.

Siku nilipopiga kwa mara ya kwanza nilishangaa mambo mawili. La kwanza ni kwamba mlio ulikuwa mkubwa kuliko kitu chenyewe, kama mtoto mdogo anayelia kwa sauti ya mtu mzima. La pili ni kwamba nilifurahi. Sikutegemea kufurahi. Ile karatasi hatua kumi mbele ilikuwa na tundu ambalo halikuwepo, na mimi ndiye niliyelitia, na moyo wangu uliruka kama wa mtu aliyepata bidhaa kwa nusu bei. Nilimwambia mzee.

"Vizuri kwamba umesema," akanijibu. "Wale hawasemi ndio wananitisha."

Nilitaka kujua kila kitu. Kwa nini inaruka juu? Kwa nini ya mzee ina mlio mzito? Kwa nini nikipumua inakwenda kushoto? Nilikusanya maganda ya risasi na kuyahesabu, mzee akadhani nataka kuyauza chuma chakavu, na kusema kweli niliuliza bei.

Nyumbani, jioni, nilifanya mazoezi ya kitu tupu kama alivyonielekeza: sefu, kikasha nje, chemba, tazama, tazama tena, lenga ukutani kwenye doa la unyevu, rudisha. Dada yangu alikaa kitandani akitazama. Nilimwona ametulia kwa mara ya kwanza tangu lile kufuli, nikaona kwamba pesa zangu zimeanza kufanya kazi. Usiku hakugeuka tena.

Lakini Jumanne mimi nilikuwa Malaba. Na Ijumaa. Na bastola ilikuwa sakafuni, na ufunguo kiunoni mwangu, kilomita thelathini kutoka kwa mtu aliyeihitaji.

Alinikumbusha mara moja tu. "Siku zako mbili za Malaba ndizo siku zangu mbili za kukaa peke yangu."

Sikufikiri sana. Ningependa kusema nilipambana na dhamiri, lakini nilifungua kamba, nikatoa ufunguo, nikamkabidhi kama ninavyomkabidhi ule wa droo. Nikamwambia, "Usiitoe ila kama ni lazima." Kama vile yeye na mimi tungekuwa na maana moja ya lazima.

Miezi miwili hakuna kilichotokea. Ikaja siku moja, Ijumaa, mvua ikiwa imeanza saa nane. Foleni ya Malaba ilikuwa imekufa kabisa, wateja wangu hawakuwa na pesa, nikageuza mapema badala ya kulala kwa shangazi kama nilivyokuwa nimemwambia dada yangu. Nilishuka Busia saa kumi, barabara imekuwa mto. Mpagazi mmoja alinihurumia akaniuzia gunia. Alitaka shilingi kumi, nikampa saba. Nikasukuma kona ndani ya kona, nikajifunika, nikakimbia mpaka mlango wa nyuma.

Nilibisha. Niliita jina lake. Mabati yalikuwa yakipigwa kana kwamba mtu anamwaga maharagwe juu yake. Nikaita tena, nikatoa ufunguo wangu wa mlango, nikasukuma.

Alikuwa amesimama katikati ya magunia ya sukari, mikono miwili mbele, miguu imeachana upana wa mabega, sawasawa kama nilivyosimama mimi mbele ya lile doa la unyevu. Niliona tundu la mdomo wa bastola. Nilikuwa nimeishika miezi na sikuwahi kuliona kutoka upande huo. Lilikuwa dogo. Kilichonitia baridi ni kidole chake, kwa sababu kidole hakikuwa kimenyooka.

Mzee alinifundisha mambo mengi ya kusimama nyuma ya bastola. Hakunifundisha la kusimama mbele. Nilijua kwamba nikipiga kelele hanisikii, na nikikimbia ndipo nitakuwa mwizi kweli. Niliinua mkono mmoja polepole sana, nikashika ncha ya gunia, nikalivuta kichwani likaanguka.

Alinitazama. Ilichukua muda kabla uso wangu haujamfikia. Kisha mikono ikashuka, na bastola ikanielekea magoti, halafu vidole vya miguu, halafu sakafu.

Nikaenda nikaichukua. Nilichomoa kikasha. Nikavuta chuma cha juu, na risasi ikaruka kutoka chemba, ikagonga mizani, ikabingirika chini ya magunia. Tukapiga magoti wote wawili kuitafuta, mvua juu yetu, mimi nimeloa, kama watoto wawili waliopoteza sarafu ya dukani. Niliipata. Nikahesabu, sita kwenye kikasha na moja mkononi. Nikahesabu tena, zikawa saba.

"Ungeuliza kwanza ni nani," nikamwambia karibu na sikio zima.

"Niliuliza. Hukujibu."

"Nilijibu. Niliita mpaka jina lako."

"Sikukusikia." Akaanza kucheka, kisha kicheko kikageuka, akajifunika uso kwa aproni. "Na wewe umekuja na gunia. Umekuja na gunia, dada!"

Ilikuwa kweli. Katika mji wote wa Busia, mimi ndiye mtu wa mwisho aliyepaswa kuingia mlango ule nimejifunika gunia, na nililinunua kwa kubishania bei.

Kifungo cha usalama kilikuwa kimefunguliwa. Alikuwa ameniona nikikifungua mara nyingi, kwa hiyo alikifungua. Yote niliyofanya kwa mikono alikuwa ameyashika. Yale niliyoyafanya kwa kichwa, yale ya tazama kwanza na kidole kingoje, hayakuonekana kutoka kitandani.

Asubuhi nilipeleka bastola kituoni, nikaomba iwekwe kwenye ghala lao kwa muda kwa kuwa nasafiri. Sikusema uongo, kwani Jumanne nilisafiri kwenda Malaba. Afisa mwenye kalamu mbili alinipa risiti na kunitazama kidogo zaidi ya lazima.

Nilidhani dada yangu atashukuru. Alinisubiri mpaka nilipomaliza kufunga duka.

"Uliipeleka."

"Ningekufa jana."

"Najua. Na mimi ningekuwa nimekuua, sijalala tangu jana kwa hiyo." Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu aliyekwisha kupanga maneno. "Lakini angalia vile ulifanya. Ulichukua woga wangu ukaupeleka polisi, wakakupa cheti. Ukaenda kwa mzee, ukafundishwa wewe. Ukapiga karatasi, ukafurahi, ukaja kunielezea. Mimi niliyepigwa nilipewa nini? Ufunguo."

Nikafungua droo, nikahesabu upya mauzo ya siku niliyokwisha kuyahesabu.

Alhamisi iliyofuata aliweka fomu mezani. Alikuwa amekwenda mwenyewe kituoni, kimya kimya, akaichukua, akaijaza kwa mwandiko wake mzuri wa shule. Jina lake. Picha zake nne, pua yetu. Mahali palipobaki wazi palikuwa mstari wa mdhamini, mtu anayemjua mwombaji kwa miaka mingi na anayethibitisha kwamba anafaa kukabidhiwa silaha. Chini ya meza kulikuwa na begi lake, limefungwa zipu.

"Utie sahihi kabla ya Jumatatu," akasema. "Ama usitie. Jumatatu kuna gari ya Butula saa moja."

Jumamosi nilikwenda kwa mzee. Alikuwa akipima misumari. Nilimweleza yote bila kupunguza, hata bei ya gunia. Aliuliza kidole kilikuwa wapi. Aliuliza kifungo kilikuwaje. Aliuliza ufunguo aliupata wapi, na hilo nililijibu nikitazama misumari.

"Mzee, wewe umewahi kuitumia?" nikamuuliza. "Si kwa karatasi."

"Walikuja hapa mwaka juzi. Ilikuwa ndani ya sefu na mimi nilikuwa nimeshika kikombe. Nikawapa pesa."

"Sasa unailipia kila mwaka ya nini?"

Alimimina misumari kwenye karatasi, akaikunja. "Nalala nayo vizuri. Mke wangu ndiye hapati usingizi."

Nikatoa fomu, nikaifungua juu ya kaunta yake, nikaishika kwa viganja viwili kwa sababu feni ilikuwa inaipeperusha.

"Yeye ni mwangalifu kuliko mimi," nikasema. "Akifundishwa vizuri tangu mwanzo, Jumamosi sita zake mwenyewe, huenda akawa bora kuliko sisi wote. Na nimeona kidole chake. Nikikataa nampoteza Jumatatu. Nikikubali, siku moja mtu mwingine atabisha mlango ule mvua ikinyesha, na sahihi itakuwa yangu. Nimehesabu hii mara mbili, mzee, na kila mara napata jibu tofauti. Katoni ya tatu ya sabuni uliyotaka, nitakuletea leo. Wewe ulinifundisha, wewe unamjua. Nishauri. Nitie sahihi, ama nisitie?"